Moshi uliokwenda juu unarudi na mvua: barua ya wazi kuhusu zebaki

Kwa:
Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira)
Mkurugenzi Mkuu, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA)
Mkemia Mkuu wa Serikali
Katibu Mtendaji, Tume ya Madini

YAH: OMBI LA KUPIMWA ZEBAKI KATIKA MVUA YA KANDA YA KATI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kondoa, na kwa miaka 11 nimekuwa nikisoma kipimamvua kilichopo kwenye uwanja wa shule. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe Jumapili, iwe likizo, natoa faneli, namimina maji ya chupa ya ndani kwenye silinda ya kioo, nainama mpaka jicho lilingane na usawa wa maji, halafu naandika. Kuanzia Mei ni 0.0, 0.0, 0.0, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha asubuhi moja ya Desemba naandika 23.4. Aliyekulia kwenye mvua za kila mwezi hawezi kuijua furaha ya kuandika namba ile. Sehemu kubwa ya mkoa wetu inapata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, karibu zote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, na miezi inayobaki tunaishi kwa tulichokinga na tulichochimba. Ndiyo maana mvua ya kwanza ikigonga bati, kila nyumba inatoa ndoo, mabeseni na masufuria nje kabla hata ya kuwaita watoto ndani.

Nawaandikia kuhusu kitu kilichomo ndani ya mvua hiyo ambacho silinda yangu haiwezi kukisoma.

Mwaka 2022 nilikwenda kumtembelea mdogo wangu kwenye machimbo ya dhahabu wilayani Ikungi, mkoani Singida. Yeye alikuwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Nilimkuta mkewe nyuma ya kibanda cha turubai, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na kipande cha shati kuukuu, anakikamua kama anayechuja togwa. Matone ya zebaki yalidondokea kwenye kisosi, mazito, yanakimbizana. Ndani ya kitambaa kikabaki kitonge cheupe cha zebaki iliyoshikana na dhahabu, kidogo kuliko punje ya hindi. Akakiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa. Tukakaa kimya tunatazama. Ukainuka moshi mwembamba ambao huuoni vizuri mpaka uutazame ukiwa umeelekea jua, na kitonge kikaanza kugeuka, kijivu, kahawia, mwishowe njano.

Nikamuuliza, "Shemeji, ule moshi umeenda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Umeenda juu, shemeji."

Jioni ile ugali ulipikwa kwenye jiko hilo hilo, na mimi nikala.

Naomba asiwepo wa kusoma hapa akamlaumu yule mama. Kitonge kile kilikuwa ada, dawa na unga wa wiki nzima, na hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine. Zebaki inauzwa, inakamata dhahabu ndani ya dakika chache, na hakuna mashine inayohitajika. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini lile neno "juu" halikunitoka kichwani, kwa sababu mimi nafundisha kemia na najua kwamba kitu hakipotei.

Karibu nusu ya kitonge kama kile ni zebaki. Ikichomwa wazi, karibu yote inakwenda hewani. Mvuke huo hauna haraka ya kushuka: unaweza kukaa angani miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, ukisafiri na upepo kuvuka nchi na bahari. Huko juu unaoksidika taratibu, na zebaki iliyooksidika, tofauti na ule mvuke wa mwanzo, inayeyuka kwenye maji. Wingu likiikuta linaichukua. Kwetu inashuka na mvua, kwa wenye milima ya baridi inashuka na theluji. Watafiti waliopima mvua za radi huko Marekani walikuta zina zebaki nyingi kuliko mvua nyingine, kwa sababu wingu la radi hupanda mpaka kwenye tabaka za juu ambako zebaki ya aina hiyo imejaa. Waheshimiwa, mvua yetu ya kanda ya kati kwa sehemu kubwa ni ya radi. Mawingu yale yanayosimama kama minara mchana wa Januari, ambayo mnayaona kutoka madirisha ya mji wa Serikali, Mtumba, ndiyo hayo.

Kwamba zebaki ya moshi inafika mbali, hilo limeshathibitishwa, na sehemu ya ushahidi wake ilipatikana kwenye barafu. Kwenye milima ya Wyoming, Marekani, kuna barafu iitwayo Upper Fremont, mahali pasipo kiwanda wala mji. Wanasayansi waliitoboa wakatoa nguzo ya barafu yenye kumbukumbu ya miaka mingi, wakapima zebaki yake kipande kwa kipande.   Mwanzoni walidhani baadhi ya tabaka za zebaki walizozikuta ni moshi wa wachimbaji dhahabu wa California wa miaka ya 1850. Umri wa barafu ulipohakikiwa upya mwaka 2017, tabaka hizo zikaonekana zinaendana na moshi wa viwanda wa mwanzoni mwa karne ya 20. Waliowasha viwanda vile walishazikwa zamani, wengi hata majina yao hayajulikani, lakini sehemu ya walichochoma iliangukia kwenye mlima ambao hawakuwahi kuuona. 

Nikisoma habari hiyo, nakiona kipande cha bati cha shemeji yangu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, binadamu waliingiza hewani takriban tani 2,220 za zebaki, na asilimia 38 ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuliko hata makaa ya mawe. Sisi ni miongoni mwao. Sekenke imechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Londoni, Sambaru, Nholi ni majina ambayo kila kijana wa kanda hii anayajua.

Msimu wa mvua uliofuata nilijaribu kupima mwenyewe. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa ya plastiki, nikaisuuza mara tatu, nikakinga mvua ya kwanza ya mwaka uwanjani, mbali na bati na miti, nikaipeleka maabara moja na nikalipia kutoka mfukoni. Baada ya wiki tatu nikapewa karatasi. Mbele ya neno zebaki pameandikwa: haikuonekana.

Nilifurahi kwa siku mbili. Halafu nikaanza kusoma, nikagundua kwamba karatasi ile haikuniambia chochote. Kwanza chupa ya plastiki haifai kabisa kwa kazi hiyo; zebaki kidogo iliyomo inashikwa na kuta za chupa au inatoroka. Pili, na hili ndilo zito, mashine nyingi za kupimia maji zimetengenezwa kuangalia kama maji yamevuka kiwango cha kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango hicho kuwa mikrogramu 6 kwa lita. Mvua ya kawaida mahali pasipo na uchomaji wa karibu huwa na nanogramu chache, tuseme 10 kwa lita, na nanogramu 1,000 ndiyo mikrogramu moja. Hiyo ni mara mamia chini ya kiwango. Kuipima kwa mashine ile ni sawa na kupima dhahabu ya pete kwa mzani wa magunia: mshale hausogei, na mwenye mzani anasema hakuna kitu.

Hapa nataka kusema jambo kwa uangalifu, maana najua barua za namna hii zinavyozua hofu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye nyumba isiyo jirani na mahali pa kuchomea dhahabu hayana tatizo la zebaki la kumzuia mtu kunywa. Mama anayekinga leo aendelee kukinga. Hatari haiko kwenye kikombe. Iko pale maji yanapokwenda kutulia.

Nanogramu 10 zikiingia kwenye tope la bwawa au kinamasi, mahali pasipo na hewa, bakteria huzibadilisha kuwa methilizebaki. Hiyo inapanda: kutoka kwenye tope kwenda kwa wadudu, kwa samaki mdogo, kwa samaki anayekula samaki, na kila ngazi inaongezeka. Ndani ya nyama ya samaki mla samaki inaweza kuwa mara milioni ya ilivyokuwa majini. Kuiondoa kwa kupika haiwezekani. Mama mjamzito akiila, inavuka kondo la nyuma na kuingia kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, walikuwapo akina mama wasio na dalili yoyote waliojifungua watoto walioathirika vibaya. Kule ilikuwa zebaki ya kiwanda, nyingi kupita kiasi, nami sisemi tumefika huko. Nasema njia inayopita ni ile ile.

Sasa itazameni ramani ya kanda yetu kwa jicho hilo. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Irangi, hapa juu ya shule yangu, inaingia mto Bubu. Bubu unashuka mpaka kinamasi cha Bahi. Na maji ya Bahi hayaendi popote. Hakuna mto unaotoka pale kwenda baharini. Maji yanakaa, yanakauka, mwaka unaofuata yanajaa tena, na yaliyobebwa na maji yanabaki. Upande wa Singida ni hivyo hivyo: Wembere, Kitangiri, Singidani, Kindai, na chini ya mlima Hanang kuna Balangida. Kanda nzima ina mabeseni yasiyo na tundu. Na kinamasi kinachokauka na kujaa ndiyo mazingira yanayowafaa sana wale bakteria. Bahi watu wanalima mpunga na kuvua kambare. Kambare, waheshimiwa, anakaa topeni, anakula karibu kila kitu, wakiwemo samaki wenzake. Jumamosi sokoni Bahi utamkuta amekaushwa kwa moshi, amekunjwa mkia mdomoni, na wanaomnunua kwa wingi ni akina mama kwa sababu bei yake wanaimudu. Simtangazii ubaya. Naomba apimwe, ili anayemuuza na anayemla wajue.

Kuhusu milima nina neno pia. Watu huuliza kwa nini mtu apande mlimani kutafuta uchafu wakati uchafu uko machimboni. Sababu ni kwamba kule hakuna jiko la mtu. Ukipima machimboni unapima moshi wa leo wa jirani. Ukipima mlimani unapima kinachotufikia kutoka kila upande, cha kwetu na cha wageni. Tena mlima unapokea zaidi, kwa sababu unapata mvua nyingi na msitu wake unachuja mawingu. Majani yenyewe hunyonya mvuke wa zebaki kutoka hewani, kisha yanadondoka nao. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya Madre de Dios, Peru, ambako msitu mzuri kabisa usioguswa, karibu na machimbo ya dhahabu, ndio uliokutwa umepokea zebaki nyingi kupita kiasi, kwa vile majani yalikuwa yakikamata moshi na mvua ikiyaosha. Hanang, mita 3,400 na kitu, una msitu wa namna hiyo wa kunasa ukungu, na uko kati ya mikoa yenye wachimbaji. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima huo ulitupa msiba ambao Katesh haitausahau. Tangu siku ile hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba kilichoko juu ya mlima hushuka.

Barafu ya kutusimulia ya zamani tungeipata Kilimanjaro, lakini ile imeshapungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kanda ya kati tuna mvua ya mawe tu, inayoyeyuka watoto hawajamaliza kuiokota. Kumbukumbu yetu ipo kwenye matope. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na tangu hapo kila msimu wa mvua umelaza tabaka lake la udongo chini. Bomba la kuchukulia mashapo, mtumbwi, na siku mbili za kazi: mtakuwa mmepata zaidi ya miaka 60 ya historia ya anga la Dodoma, ndani ya jiji lenyewe.

Nchi yetu ilitia saini Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, siku ile ile ulipofunguliwa, tarehe 10 Oktoba 2013, na ikauridhia mwaka 2020. Mkataba unataka nchi zishirikiane kupima zebaki katika mazingira, na tathmini ya kama unafanya kazi inategemea vipimo hivyo. Afrika Kusini wanapima zebaki ya hewani pale Cape Point tangu 1995. Wamarekani wana mtandao wa kupima zebaki kwenye mvua tangu 1996. Mimi nimetafuta namba moja tu ya mvua ya kanda hii iliyotangazwa kwa wananchi, sijaipata. Tukienda kwenye mikutano ya mkataba bila namba, tutasikiliza habari za zebaki yetu kutoka kwa wengine. Na wale wanaochoma makaa ya mawe kwa wingi, ambao sehemu ya zebaki yao bila shaka inatuangukia, tutawadai kwa ushahidi gani?

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. TMA mna watu kama mimi kila wilaya, wanaoamka kila siku kusoma maji. Tupeni vikinga mvua vitatu kwa kuanzia: kimoja mteremko wa Hanang, kimoja vilima vya Irangi, kimoja Dodoma mjini. Kikinga hicho kina faneli ya kioo na chupa ya kioo iliyotiwa asidi ya haidrokloriki kidogo ili zebaki isitoroke, na kifuniko kinachofunguka chenyewe tone la kwanza likigusa kihisio na kujifunga mvua ikikatika, ili vumbi letu la Agosti lisiingie. Chupa inabadilishwa mara moja kwa wiki, kwa glavu safi. Kazi hiyo mwalimu wa kemia anaiweza, na mwanafunzi wake wa kidato cha tatu anaiweza. Kwa hewa, vipo vipimio vidogo vyenye mkaa maalumu ndani, havitaki umeme, unavining'iniza kwenye nguzo kwa miezi mitatu ukavituma maabara. Hivyo wekeni vingi, hata kwenye masoko ya madini ya Singida na Dodoma, na mitaa yenye maduka ya wanunuzi wa dhahabu, kwa sababu dhahabu ya machimboni huchomwa tena mjini, na jirani wa duka la dhahabu hajui anavuta nini.

Mkemia Mkuu, kwako ombi ni moja. Maabara yako ipewe uwezo wa kusoma nanogramu, na mpaka hapo itakapoupata, karatasi za majibu ziandike kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kukiona. "Haikuonekana" peke yake inampeleka mtu nyumbani na amani ya uongo. Mimi nilipelekwa nayo.

Na Tume ya Madini pamoja na NEMC, nawasihi: msisome barua hii mkatuma askari machimboni. Mchimbaji akifukuzwa atachomea ndani ya nyumba usiku, na hapo ndipo watoto wanapovuta zaidi. Mkataba wenyewe umetaja ya kuanza nayo: kukomesha uchomaji wa wazi, kukomesha kuchoma kwenye makazi, kukomesha kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na kukomesha kuchenjua kwa kemikali ya sayanaidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, ambayo bado yana zebaki. Retoti, kile chungu kidogo cha chuma chenye bomba la kurudishia mvuke uwe zebaki tena, inaokoa zaidi ya asilimia 90, na zebaki inayookolewa ni pesa ya mchimbaji. Wekeni moja kwenye kila mwalo, pale mawe yanapooshwa kupata dhahabu, mahali pa pamoja, penye mtu aliyefundishwa, na wanawake wawe wa kwanza kufundishwa kwa sababu wao ndio wanaochoma. Dhahabu halali ya wachimbaji wadogo tangu 2019 inapita kwenye masoko yenu. Mlango wa kuulizia imechomwaje mnao tayari.

Mdogo wangu bado yuko Ikungi. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile sasa anatembea, na mwezi uliopita shemeji alinipigia simu kuniuliza kama kile chungu cha chuma nilichomwelezea kinauzwa wapi. Nilikosa la kumjibu.

Msimu unafunguka Novemba. Mimi nitakuwa uwanjani saa tatu asubuhi kama kawaida. Ikifika chupa ya kioo kabla ya mvua ya kwanza, nafasi ya kuiweka nimeshaisafisha, upande wa mashariki wa kipimamvua, mita kumi kutoka kwenye mti wowote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na msomaji wa kipimamvua,
Kondoa, Dodoma